Toa mahindi porini kabla ya mvua

Ndugu mkulima, nawe mfanyabiashara, kila ikikaribia Novemba hapa Msanzi nasikia maneno yaleyale: nasubiri bei ipande, mvua zikianza nitakodi gari la magurudumu manne likatoe mzigo. Mimi nasema mpango huo unakula faida unayoisubiri.

Magurudumu manne yanakusaidia kuondoka, hayakusaidii kusimama. Gunia 30 za kilo 100 ni tani 3. Kwenye mteremko wenye utelezi, ukikanyaga breki gari linateleza kama jingine lolote. Ingiza gia ndogo kabla hujaanza kushuka, injini ishikilie gari. Na magurudumu manne uyaingize kabla ya tope, maana dereva anayengoja mpaka akwame ameshajichimbia shimo. (Wapo wanaoshauri kupunguza upepo wa matairi. Kwa gari tupu kwenye mchanga sawa, kwa tani 3 hapana.)

Mabondeni ndiko kubaya zaidi. Udongo mweusi unaonekana umekauka juu, chini ni uji. Shuka, tangulia kwa miguu, choma fimbo. Kijito kikiwa na maji ya kasi yanayofika magotini, usivuke, ngoja yapungue.

Msimu mmoja nilipewa lifti kwenye pikapu iliyobeba mahindi. Tulikwama saa sita mchana, tukatoka usiku, tena baada ya kushusha gunia zote na kuvutwa na maksai wa jirani. Gunia zilizolala chini zililowa, mnunuzi akazikataa. Mwenye mzigo alilipa gari, akalipa maksai, akalipa vibarua kupakia mara ya pili. Vijana wakamcheka kwamba angeanza na maksai tangu mwanzo. Nami nawaunga mkono.

Agosti na Septemba njia ni kavu na mkokoteni wa maksai unafika hadi shambani. Hamisha mahindi wakati huo, uyaweke karibu na barabara kuu iendayo Sumbawanga, hata kama huuzi leo. Yawe yamekauka, unyevu usizidi asilimia 13.5, uyatie kwenye mifuko ya kinga njaa na kuipanga juu ya chaga, isiguse sakafu wala ukuta. Bei ikipanda, Fuso yoyote itapakia, na hakuna atakayekukata hela kwa kisingizio cha njia mbaya.

Utaniambia nyumbani ni salama kuliko ghala la kukodi. Ni kweli, wizi upo. Lakini watu watano wakichanga wanapata chumba chenye kufuli na mlinzi, na gharama hiyo mnaijua mapema. Gharama ya kukwama huijui mpaka ukwame.

Kama umeshachelewa na lazima uingie porini na mvua, beba chepe, kamba nene na mbao mbili za kuweka chini ya matairi. Na kabla gari halijawashwa, andikianeni na mwenye gari: likikwama, nani analipa?