Pampu Mpya ya Petroli: Kipya Kinyemi, Lakini Lodwar ni Mbali

Mlio wa Subaru hauhitaji kutambulishwa kwa mzazi yeyote mwenye kijana nyumbani. Marehemu Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka wa 1997 akiwa katika Subaru Impreza, gari hilo lilizidi kupata mashabiki kote nchini, na hadi leo utaliona hata Lodwar, ambako wengi wangedhani ni Land Cruiser tu zinazofaa. Mwenye Impreza ya turbo hutosheka na nguvu za kiwandani kwa miezi michache tu. Kisha hutaka turbo ipulize zaidi na kompyuta ya injini ipangwe upya. Akifika hapo, fundi humwambia: "Sasa, ndugu yangu, unahitaji pampu kubwa ya petroli."

Je, ni kweli? Na kama ni kweli, achague pampu gani? Swali hili nalileta makusudi katika ukurasa wa jamaa, kwa sababu pesa za pampu hutoka katika mfuko uleule wa karo na unga, na gari hilohilo ndilo linalowabeba mama na watoto kwenda Kitale.

Kwanza tuelewane jambo moja. Pampu ya petroli haiongezi nguvu hata chembe. Kazi yake ni kuvuta petroli kutoka kwenye tangi na kuifikisha kwa injekta ikiwa na presha ya kutosha. Ikiwa injini ni ya kiwandani na pampu iliyomo ni nzima, kuweka kubwa zaidi ni kutupa fedha. Lakini turbo ikiongezwa upepo, injini huhitaji petroli zaidi ili mchanganyiko usipungukiwe. Ukipungukiwa, joto hupanda ndani ya silinda, injini huanza kugonga, na pistoni inaweza kuyeyuka au kutoboka katika muda mfupi mno. Aidha, kompyuta za magari mengi ya turbo ya Japani hupangwa kwa petroli ya daraja la juu ya huko, ambayo oktani yake hufikia 100. Petroli ya kawaida ya vituo vyetu haifikii hapo, kwa hivyo nafasi ya kukosea ni ndogo zaidi.

Sasa wanafunzi wachukue kalamu. Injini ya turbo hunywa takriban lita 0.37 za petroli kwa saa kwa kila nguvu moja ya farasi inapokanyagwa hadi mwisho. Tuseme gari limeongezwa hadi farasi 300. Zidisha 300 kwa 0.37, utapata lita 111 kwa saa. Ongeza robo ya hizo kama akiba, kwa kuwa pampu huchoka na joto huipunguzia nguvu. Jumla ni kama lita 140 kwa saa.

Wengi hukomea hapo, nao hupotea. Lita zinazoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa presha fulani na kwa umeme fulani. Presha ya kawaida ya petroli katika injini nyingi za namna hii ni kama pauni 43 kwa inchi ya mraba. Turbo ikipuliza pauni 17, presha ya petroli nayo lazima ipande kiasi hichohicho, kwa maana petroli inasukumwa kuingia mahali palipojaa upepo. Pampu sasa inafanya kazi kwa pauni 60. Ile iliyoandikwa lita 255, kipimo maarufu sana kwa mafundi wa magari ya kasi, hupungua kwa makumi ya lita ifikapo presha hiyo. Bado inatosha farasi wetu 300, lakini muuzaji asipokuonyesha kipimo cha presha ya juu, hujui unachonunua.

Jambo la pili ni umeme. Pampu kubwa hula umeme mwingi, na nyaya za zamani za gari ni nyembamba. Kipimo cha boksi mara nyingi ni cha volti 13.5. Nyaya zikipoteza volti moja na nusu njiani, pampu huzunguka polepole na lita hupungua, na waya wenyewe hupata moto. Fundi mwema atavuta waya mnene kutoka betri, atie rilei na fyuzi yake. Fundi akisema hayo si lazima, mshukuru na utafute mwingine.

La tatu, kubwa kupita kiasi nalo ni tatizo. Petroli isiyotumika hurudi kwenye tangi kupitia bomba la kurudishia. Pampu ikisukuma kuliko uwezo wa bomba hilo na wa kidhibiti presha, presha hupanda injini ikiwa imetulia, na gari huvuta moshi mweusi na kunywa kama ngamia.

Turkana ina lake pia. Lodwar huwa na joto la nyuzi kama 35 mchana siku nyingi za mwaka, na lami yenyewe huwa moto zaidi. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Petroli ikishuka chini ya robo tangi, pampu hukosa kipozeo, na petroli moto inayorudi kutoka kwenye injini huzidi kuichemsha. Petroli yenye joto hutoa mvuke, na pampu haiwezi kusukuma mvuke ipasavyo. Kwa hivyo, anayetoka Lodwar kwenda Kakuma, safari ya kilomita zipatazo 120, asiondoke na robo tangi akidhani atajazia mbele. Kwa sababu hiyohiyo, pampu ya ndani ya tangi hufaa huku kuliko ile inayofungwa nje chini ya gari, ambako vumbi, mawe na joto la barabara huifikia.

Halafu kuna petroli ya mitungi na chupa inayouzwa kando ya barabara. Mchanga na kutu humaliza pampu mapema. Tena kuna wachanganyaji wa mafuta ya taa, biashara ambayo serikali ilijaribu kuizima mwaka wa 2018 kwa kuweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Mafuta ya taa hushusha oktani, na injini iliyoongezwa upepo haina msamaha. Ukibadilisha pampu, osha tangi na uweke chujio jipya siku hiyohiyo.

Na bandia je? Pampu za jina la Walbro, lililoanzia Marekani, zimeigwa kwa miaka mingi. Bei ikiwa nusu ya ile ya maduka mengine, jiulize nusu nyingine imekwenda wapi. Mtu wa Lodwar anayeagiza spea Kirinyaga Road, Nairobi, hawezi kurudisha kitu kesho asubuhi. Basi aipime kabla ya kuitegemea: fundi aelekeze bomba la kurudishia kwenye mtungi wenye alama za lita, presha ikisomwa kwenye geji, kwa sekunde 30. Lita moja na nusu ni sawa na lita 180 kwa saa. Kazi hiyo ifanywe nje, kizima moto kikiwa karibu, watoto wakiwa mbali na sigara ikiwa mbali zaidi.

Wazazi wenye vijana wanaojifunza ufundi wa magari, kama wale wakimbizi na wenyeji wanaofunzwa katika chuo cha Don Bosco huko Kakuma, wawatie moyo wajue hesabu hizi. Fundi anayepima ni adimu, na adimu hulipwa vizuri.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Magari ya Safari Rally ya enzi za McRae yalifuatwa na helikopta na magari ya mafundi. Gari lako likizima kati ya Kainuk na Lokichar, sehemu yenye historia ndefu ya ujambazi, utakuwa wewe, jua na jamaa yako. Kama fedha zinatosha pampu halisi pekee, bila nyaya, chujio na kipimo cha mchanganyiko, mwambie fundi ashushe upepo wa turbo na uiache pampu ya zamani. Na hata ukifunga pampu bora kuliko zote, pakia lita 20 za maji kabla ya kuwasha injini.