Tuicheze Foleni Kabla ya Kuilaumu

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa kwetu Karungu ufa mmoja tunauona kila siku, nao ni foleni ya hospitali.

Mwaka jana nilimpeleka nyanya yangu katika kituo fulani cha afya. Tulifika saa moja asubuhi. Kufika saa saba bado tulikuwa kwenye benchi. Nyanya akasema, "Mjukuu wangu, twende tu, mgongo umenishinda." Tukarudi bila dawa. Watu pale walisema tiba ya foleni ni moja: kaunti iajiri madaktari zaidi. Nami niliamini hivyo. Siku hizi naona hiyo ni nusu tu ya jibu.

Sababu ni mchezo. Mimi na rafiki yangu tulichora vyumba vya kituo mchangani, kama mtu anayetaka kucheza ajua. Vizibo 30 vya soda vikawa wagonjwa. Tukasema daktari ni mmoja, hutumia dakika 6 kwa kila mgonjwa, na dakika 3 zaidi mgonjwa akirudi na majibu ya maabara.

Kwanza tuliongeza karani wa pili. Lo! Foleni haikuisha, ilihama tu kutoka dirishani hadi mlangoni kwa daktari. Basi tukapiga hesabu. Dakika 9 kwa watu 30 ni saa nne na nusu. Wakija wote saa mbili, wa mwisho anatoka saa sita na nusu. Wakija kumi saa mbili, kumi saa tatu na nusu, na kumi saa tano, daktari bado anamaliza saa sita na nusu, lakini hakuna anayekaa zaidi ya saa moja na nusu. Na hatukuajiri mtu!

Jambo hili si geni. Mwaka 1909 Mdenmark mmoja, A. K. Erlang, aliandika hesabu za simu zinazopigwa, na kutoka hapo elimu ya foleni ikakua. Leo kuna programu za kompyuta zinazoonyesha wagonjwa wakitembea kwenye skrini kutoka chumba hadi chumba, ili wakuu wajaribu mpango kabla ya kutumia pesa.

Najua wengine watasema, "Mgonjwa si kizibo." Ni kweli kabisa. Mtoto mwenye degedege hangoji zamu, na anayetoka mbali hufuata saa ya matatu. Lakini hata hao huwekwa mchezoni: kizibo chekundu hupita mbele, na wa mbali hupewa saa za katikati. Wala sisemi madaktari wanatosha. Nasema tujue kwanza foleni inazaliwa wapi.

Kwa hayo machache, nawaomba wauguzi, makarani na wazee wetu waketi pamoja siku moja waichore foleni yao. Vizibo tutawaletea sisi wanafunzi. Nyanya yangu bado anaumwa mgongo.