Mwana wa shujaa aliyemfungulia mgeni mlango

Wahenga walinena: vita vya panzi, furaha ya kunguru. Methali hii tumeizoea mno hata aghalabu twaitamka bila ya kuitia maanani. Leo nataka kuisafirisha mbali, hadi nchi ya Meksiko, ili tuitazame katika maisha ya mtu mmoja aliyekuwa askari na balozi katika karne ya 19, Jenerali Juan Nepomuceno Almonte.

Kadhia hii ilizuka barazani baada ya swala ya isha. Kijana mmoja apendaye vitabu vya tarehe alikuwa akitusimulia habari za bwana huyo, kisha akanigeukia akaniuliza, "Ami, mtu huyu si haini tu? Ana nini cha kuzungumziwa zaidi?" Nikamjibu, "Mwanangu, neno haini ni jepesi ulimini. Mjue mtu kwanza, ndipo umhukumu." Saa zilikwisha nasi hatujamaliza, basi haya niandikayo ndiyo baki ya jibu langu.

Almonte alizaliwa mwaka 1803 katika Michoacán. Baba yake alikuwa José María Morelos, padri wa Kikatoliki aliyeshika silaha kuipigania Meksiko itoke katika mikono ya Hispania. Kwa kuwa padri haruhusiwi kuoa, mtoto alichukua jina la mama yake, Brígida Almonte. Mwaka 1812 majeshi ya mfalme yaliuzingira mji wa Cuautla kwa siku zaidi ya 70, na mtoto huyu, ambaye hata miaka tisa hajatimiza, alikuwamo ndani ya mji pamoja na baba yake, njaa na risasi zikiwaandama. Mwaka 1815 Morelos alimpeleka New Orleans, Marekani, akasome. Mwaka haukwisha Morelos akakamatwa, na tarehe 22 Desemba akapigwa risasi. Mtoto akawa yatima katika nchi ya watu.

Lakini huko ugenini alipata chombo kilichomfaa maisha yake yote, nacho ni lugha ya Kiingereza. Meksiko ilipokwisha kupata uhuru, Almonte akapelekwa London mwaka 1824 pamoja na ujumbe uliokwenda kutafuta urafiki na Uingereza. Mwaka 1834 serikali yake ikamtuma Texas, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Meksiko, akatazame hali ilivyo. Alizunguka, akahesabu watu, mifugo na biashara, na mwaka 1835 taarifa yake ikapigwa chapa. Aliona kwa macho yake jinsi wahamiaji kutoka Marekani walivyokuwa wengi kuliko wenyeji.

Mwaka uliofuata moto ukawaka. Almonte, akiwa kanali, alifuatana na Rais Santa Anna katika vita vya Alamo mwezi wa Machi 1836, na tena San Jacinto tarehe 21 Aprili. Huko San Jacinto jeshi la Meksiko lilivamiwa saa za alasiri likiwa limepumzika, na vita vyenyewe havikufika hata nusu saa. Santa Anna alikamatwa akiwa amevaa nguo za askari mdogo. Alipopelekwa mbele ya Jenerali Houston, ambaye mguu wake ulikuwa umejeruhiwa, mshindi na mshinde hawakuelewana lugha. Almonte, naye mateka, ndiye aliyekuwa ulimi wa rais wake. Nadhani hakuna somo la ubalozi lililo kali kuliko hilo: kufasiri maneno ya kushindwa kwenu wenyewe.

Aliporejea kwao mwaka 1837 hakukata tamaa. Alipanda cheo hadi ujenerali, akawa waziri wa vita katika serikali ya Bustamante, kisha mwaka 1842 akapelekwa Washington kuwa balozi. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo alipofanya kazi yake njema kabisa. Aliwaonya Wamarekani waziwazi kwamba kuichukua Texas ni sawa na kuivamia Meksiko. Mwezi wa Machi 1845, sheria ya kuiunga Texas na Marekani ilipotiwa sahihi, Almonte aliandika barua ya kupinga, akadai pasi zake, akaondoka. Hakubembeleza wala hakupokea bahashishi. Vita vikaja mwaka 1846, na kwa mkataba wa Februari 1848 Meksiko ikapoteza karibu nusu ya ardhi iliyokuwa ikiidai kuwa yake. California ilikwenda, New Mexico ilikwenda, na Texas ilikuwa imekwenda kitambo.

Ndugu msomaji, tusimame hapa kidogo. Mtu akipigwa na jirani namna hii, hutazamiwa awe wa kwanza kuwakusanya ndugu zake wafunge mlango. Meksiko ilifanya kinyume. Wenyewe kwa wenyewe waligawanyika, wahafidhina upande mmoja na waliberali upande wa pili, wakigombania mali ya kanisa, katiba na nani atawale. Kutoka 1858 hadi mwisho wa 1860 waliuana. Almonte, mwana wa mwanamapinduzi, alijiunga na wahafidhina na akawa balozi wao Paris. Tarehe 26 Septemba 1859 alitia sahihi mkataba pamoja na Alejandro Mon wa Hispania, ambao uliifunga Meksiko kuwalipa fidia Wahispania waliodhuriwa nchini humo. Wapinzani wake wakapiga kelele kwamba ameiuza nchi.

Kelele hizo zilikuwa na haki, ila waliozipiga nao mikono yao haikuwa safi. Kabla mwaka huo haujaisha, tarehe 14 Desemba, serikali ya waliberali ya Benito Juárez iliandikiana na Marekani mkataba wa kuipa haki ya kudumu ya kupita katika ardhi ya Meksiko toka bahari hadi bahari, kwa badali ya dola milioni nne. Kilichouzuia ni Baraza la Seneti la Marekani lenyewe, lililoukataa mwaka 1860. Basi ndugu wawili walikuwa wakigombana ukumbini, na kila mmoja ana mgeni wake aliyemweka nyuma ya mlango.

Juárez alishinda, na mwezi wa Julai 1861 akasimamisha malipo ya madeni ya nje kwa miaka miwili. Uingereza, Hispania na Ufaransa zikapeleka manowari Veracruz. Mwanzoni mwa 1862 Almonte naye akateremka hapo, chini ya ulinzi wa Wafaransa, akiwa na shauri la kumleta Maximilian, mwana wa ukoo wa kifalme wa Austria, awe mfalme wa Meksiko. Waingereza na Wahispania walipoona kwamba Ufaransa inamkinga Almonte na kwamba hesabu ya madeni imegeuka kuwa hesabu ya kiti cha enzi, wakajitoa mwezi wa Aprili. Almonte aliwahakikishia Wafaransa kwamba wananchi watawapokea kwa furaha. Huko Puebla tarehe 5 Mei 1862 walipokewa kwa mizinga, nao wakarudishwa nyuma na Jenerali Ignacio Zaragoza.

Mgeni naye hakumheshimu aliyemkaribisha. Almonte alikuwa amejitangaza kiongozi wa nchi, lakini Jenerali Forey alipowasili toka Ufaransa mwaka huo huo, aliivunja serikali yake kwa tangazo moja tu. Baada ya Wafaransa kuingia mji mkuu mwezi wa Juni 1863 ndipo alipopewa tena cheo, akawa mkuu wa Baraza la watu watatu lililoshika nafasi ya mfalme hadi Maximilian alipofika mwaka 1864.

Na hapa pana jambo litugusalo sisi Waislamu, ambalo wengi hawalijui. Wafaransa walikuwa wakifa kwa homa ya manjano katika pwani ya Veracruz. Basi Napoleon wa Tatu akamwomba mtawala wa Misri, Said Pasha, amkopeshe askari weusi wa Sudani kwa kudhani kwamba homa hiyo haiwawezi. Mwezi wa Januari 1863 askari zaidi ya 440 waliondoka Alexandria kwa merikebu ya Kifaransa. Walikuwa wanajeshi Waislamu, na wengi wao walikuwa wametwaliwa kwa nguvu makwao wakatiwa jeshini. Hakuna aliyewauliza kama wana ugomvi na Juárez. Kamanda wao wa kwanza, Jabarallah Muhammad, alifia huko huko, na nafasi yake ikashikwa na Muhammad Almas. Kwa miaka minne walilinda njia ya reli na bandari, wakasifiwa kwa ushujaa, na waliosalia wakarejea mwaka 1867 kwa njia ya Paris. Waliobaki nyuma wamelala katika mchanga wa Veracruz, mbali na kila aliyeweza kuwasomea Yasini. Ugomvi wa ndugu wa Meksiko uliwameza hata watoto wa Mto Naili.

Tumalizie kisa. Maximilian alipokaa kitini alimpa Almonte cheo cha heshima cha kusimamia mambo ya jumba la kifalme, cheo kikubwa kwa jina na kidogo kwa nguvu. Wahafidhina waliomleta wakakuta kwamba hataki kulirudishia kanisa mali yake. Mwaka 1865 mfalme huyo mgeni akafunua sanamu ya Morelos katika mji mkuu kuadhimisha miaka 100 ya kuzaliwa kwake. Tafakari: baba aliyekufa akiwafukuza wafalme wa ng'ambo, anaheshimiwa na mfalme wa ng'ambo aliyeletwa na mwanawe! Mwaka 1866 Almonte alitumwa Paris kumsihi Napoleon asiondoe majeshi yake. Napoleon hakusikia. Wafaransa waliondoka, na Maximilian akapigwa risasi Querétaro tarehe 19 Juni 1867. Almonte alikufa Paris tarehe 21 Machi 1869. Haukupita mwezi, tarehe 17 Aprili, serikali ya Juárez ikaunda jimbo jipya likaitwa Morelos. Baba alipewa jimbo zima, mwana akabaki na kaburi la ugenini.

Je, alikuwa haini? Nasema kwamba alikosa, na kosa lake lilikuwa kubwa. Wala siwezi kulifunika kwa usomi wake, kwa kuwa msomi ndiye aliyestahili kuona mbele. Yeye aliyekuwa ulimi wa mateka San Jacinto, aliyeondoka Washington kwa hasira ya haki, alijua vema kuliko wote dola kubwa hutaka nini. Lakini tukimwita haini tukanyamaza, tutakuwa tumejipumzisha bure. Kilichomharibu ni kumchukia ndugu yake hadi akamwona mgeni kuwa na huruma zaidi, na ugonjwa huo haumngoji mtu awe jenerali.

Niliuona katika ukoo wetu. Ndugu wawili waligombania shamba la minazi la marehemu baba yao. Mkubwa, kwa ghadhabu, akamwita tajiri mmoja wa mbali amsaidie katika kesi. Kesi alishinda. Leo minazi imekatwa, pana ukuta mrefu na geti la chuma, na ndugu wote wawili hawana ruhusa ya kuingia, hata kuzuru kaburi la baba yao lililomo ndani. Mkubwa nilimkuta siku moja amesimama nje ya ukuta ule, amenyosha mikono, akisoma Fatiha.

Kijana wangu wa barazani, hilo ndilo jibu langu. Kabla hujamtafuta haini wa Meksiko, nenda ukapatane na nduguyo.