Bastola ya Mtumba Si Shati la Mtumba

Katika mambo ambayo jamaa zetu walioko ng'ambo hutuandikia siku hizi, kuna moja ambalo wazee wetu hawakulizoea: ninunue bastola ipi? Swali hili nimeulizwa zaidi ya mara moja na vijana wa pwani wanaoishi Marekani, hasa katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio, ambako Waswahili, Wabarawa na Wasomali wamejenga maisha. Wengi wao hufanya kazi za usiku, madukani na katika teksi, na hofu yao si ya kuchekwa. Kwa hivyo leo nimeona niseme fikira zangu waziwazi.

Kinachowavuta vijana hao kwanza ni bei. Huko Marekani huuzwa bastola ambazo zamani zilikuwa mali ya majeshi na polisi wa Ulaya ya Mashariki. Vita Baridi vilipokwisha, na serikali zile zikabadili silaha, nyingi zilipata njia ya kufika katika maduka ya Marekani. Kwa lugha yetu, hizo ni mitumba. Iliyo mashuhuri ni Makarov, iliyobuniwa na Nikolai Makarov na kupokewa na jeshi la Kisovieti mwaka 1951. Urefu wake ni sentimita 16 hivi, uzito gramu 730 bila ya risasi, nayo hubeba risasi 8. Iliundwa pia Ujerumani ya Mashariki, Bulgaria na Uchina. Ziko pia CZ 82 ya Czechoslovakia, ya miaka ya 1980, yenye risasi 12, na P-64 ya Poland, yenye gramu 620 na risasi 6 tu.

Hapo ndipo wengi huteleza. Mnunuzi huishika ile ndogo kuliko zote, akaitia mfukoni, akaona imemfaa kama saa. La hasha! Bastola kadiri inavyokuwa nyepesi ndivyo inavyoupiga mkono teke, na kadiri mtutu unavyokuwa mfupi ndivyo shabaha inavyokuwa ngumu. P-64 inajulikana kwa teke lake, na kwa kifyatulio ambacho ni kizito mno katika risasi ya kwanza. Avutaye kwa nguvu zake zote hutikisa mkono, na risasi isiyompata mwizi haipotei. Nyumba nyingi za huko zina kuta za mbao na ubao mwembamba, na nyuma ya ukuta kuna mtoto wa mtu amelala. Mwenye kulazimika, basi, namwambia atazame Makarov au CZ 82, ambazo uzito wake humsaidia mkono, wala asione haya kubeba kitu kizito kidogo.

Aidha, asidanganywe na maneno "milimita 9". Risasi za Makarov ni nene kidogo na ganda lake ni fupi kuliko zile za milimita 9 zilizoenea duniani, wala haziingiliani. Na kabla ya kulipa, fundi wa silaha aikague: mtutu usiwe umeliwa na kutu, kizuizi cha usalama kifanye kazi, na springi zilizochoka zibadilishwe. Chombo kilichokaa ghalani miaka 30 hakiaminiwi kwa kung'aa kwake.

Kisha kuna sheria. Aliyeko Marekani kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni, kwa kawaida haruhusiwi hata kushika bastola wala risasi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa. Kumnunulia mwenzio kwa jina lako, ukatia sahihi fomu kana kwamba ni yako, ni kosa la jinai. Jimbo la Ohio, tangu mwaka 2022, humwachia mtu mzima wa miaka 21 asiye na kizuizi cha kisheria kubeba bastola iliyofichwa bila ya kibali na bila ya mafunzo. Basi ikiwa sheria haikulazimishi kujifunza, jilazimishe mwenyewe.

Lakini neno lililonifanya nishike kalamu si hilo. Mababu zetu walivaa jambia kiunoni, na kila mtu aliliona. Lilikuwa pambo na heshima, na aliyelichomoa ovyo alijivunjia hadhi mbele ya mji mzima. Bastola ndogo ni kinyume chake: sifa yake ni kujificha. Hakuna jicho la jirani la kuichunga, ila dhamiri ya mwenyewe. Dini yetu haimkatazi mtu kujilinda nafsi yake na mali yake, lakini Mtume, sala na salamu zimshukie, alikataza mtu kumwelekezea nduguye silaha, hata kwa mzaha. Walimu wa shabaha wa leo huanza na fundisho hilo hilo.

Na adui si mwizi peke yake. Huko Marekani, zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki ni vya watu waliojiua wenyewe. Kijana aliye mbali na mamake, aliyechoka, mwenye deni na asiye na wa kuzungumza naye, akiweka bastola chini ya mto amemkaribisha chumbani mgeni asiyemjua. Asiyeweza kununua sanduku la chuma lenye kufuli hajaweza kununua bastola. Na ajuaye kuwa moyo wake umeelemewa, ampe mtu dhamana ya ufunguo, au asinunue kabisa.

Huku kwetu Kenya jambo ni jingine. Katiba yetu ya mwaka 2010 haina haki ya kumiliki bunduki. Hiyo ni ruhusa itolewayo kwa leseni chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na mwishoni mwa mwaka 2018 hata wenye leseni waliamriwa wakachunguzwe upya. Asiyekuwa na leseni asijaribu.

Maoni yangu, kwa ufupi, ni haya: kufuli madhubuti, taa mlangoni na jirani mnayejuliana hali huja kabla ya bastola. Anayeona hayo hayamtoshi, na sheria inamruhusu, asiulize kwanza bei wala udogo. Aulize atafanya mazoezi wapi, na ufunguo utakaa kwa nani.