Kabla ya kulipia fleti, ulizia nguzo za chini

Mwenye mtaji mdogo anaweza kununua hisa, hati fungani za Serikali au vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Hata hivyo, wafanyabiashara wetu wengi bado wanaamini jengo kuliko karatasi. Akipata faida ya miaka kadhaa, mtu hununua fleti au fremu ya duka katika ghorofa ambalo pengine halijaisha kujengwa, akilipa kwa awamu.

Hatuna ugomvi na uamuzi huo. Ugomvi wetu ni na namna ununuzi unavyofanyika. Mnunuzi akipelekwa na dalali hukagua vigae, mabomba, lifti na maegesho ya magari. Akiwa makini sana ataulizia hati. Ni wachache mno wanaouliza jengo limesimama juu ya nini, na hicho ndicho kitu pekee ambacho hakiwezi kubadilishwa kwa bei nafuu baada ya fedha kulipwa.

Ghorofa refu kwenye udongo laini haliwekwi juu ya msingi wa kawaida. Huchimbiwa nguzo za ardhini, ambazo mafundi huziita paili. Zipo zinazotengenezwa kwanza na kugongwa kwa nyundo kubwa hadi zizame. Zipo pia za kuchimbwa: mtambo hutoboa shimo, kuta za shimo huzuiwa zisiporomoke kwa bomba la chuma au maji mazito ya udongo wa bentonaiti, hushushwa nondo zilizosukwa, kisha zege humiminwa kwa bomba refu kuanzia chini kwenda juu. Mjini penye majengo yaliyobanana nguzo za kuchimbwa hupendelewa, kwa kuwa hazimtikisii jirani ukuta kama zile za kugongwa.

Nguzo hubeba mzigo kwa njia mbili. Ya kwanza ni msuguano kati ya ubavu wake na udongo. Ya pili ni kukanyaga tabaka gumu kule chini. Njia zote mbili zinategemea urefu wa nguzo, na hapo ndipo penye kishawishi cha biashara. Tufanye hesabu. Nguzo yenye kipenyo cha sentimeta 60 hula zege mita za ujazo 0.28 kwa kila mita moja ya urefu. Mkandarasi mwenye nguzo 100 akipunguza mita tatu tu katika kila moja, ameokoa mita za ujazo 85 hivi za zege. Ukikadiria mifuko saba ya saruji kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni karibu mifuko 600, bila kuhesabu nondo na saa za mtambo. Akishafukia, nani ataona?

Wala si lazima pawepo wizi. Shimo likiporomoka wakati wa kumimina, nguzo hubaki na shingo nyembamba katikati. Tope lisiposafishwa kitakoni, nguzo husimama juu ya uji. Makosa yote hayo hayaonekani kwa macho.

Wanaodhani haya ni matatizo ya nchi maskini waitazame San Francisco, Marekani. Huko kuna jengo la fleti za kifahari liitwalo Millennium Tower, la ghorofa 58, lililofunguliwa mwaka 2009. Lilijengwa juu ya nguzo za kugongwa zaidi ya 900 zilizoishia kwenye mchanga, bila kufika kwenye mwamba ulio chini zaidi. Mwaka 2016 ilitangazwa kwamba limezama kiasi cha sentimeta 40 na limeinama upande. Wajenzi wakailaumu kazi ya uchimbaji iliyokuwa jirani, jirani naye akawarudishia lawama. Mwaka 2020 yakafikiwa mapatano, pamoja na mpango wa marekebisho wa Dola milioni 100. Kazi hiyo nayo ilisimamishwa kwa muda mwaka 2021, kwa sababu uchimbaji wenyewe ulikuwa ukilizamisha jengo zaidi. Ilikamilika mwaka 2023 kwa nguzo mpya 18 zilizofikishwa kwenye mwamba. Jengo halikuanguka. Lakini aliyenunua fleti pale alikaa miaka na mali ambayo mnunuzi mwingine angeitaka kwa bei ya kutupa tu.

Hapa kwetu gharama imekuwa kubwa kuliko fedha. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa moja la Kariakoo liliporomoka asubuhi, na watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, wakiwemo wafanyabiashara waliokuwa madukani mwao. Ilielezwa kwamba chini ya jengo hilo kulikuwa na kazi ya kuchimba. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Hilo lilikuwa jambo jema, ila ukaguzi wa baada ya msiba haumrudishii mtu ndugu yake wala mzigo wake.

Wapo watakaosema kwamba tunawatisha wawekezaji, na kwamba nguzo ndefu zitapandisha bei ya fleti. Hatusemi kila jengo lichimbiwe nguzo. Nyumba ya ghorofa moja kwenye ardhi ngumu haizihitaji. Lakini kiwanja cha bondeni kama Msimbazi, au penye udongo mweusi wa mbugani unaovimba kwa mvua na kupasuka kwa kiangazi, hakiwezi kuamuliwa kwa kukisia. Anayeamua ni mhandisi mwenye ripoti ya udongo mkononi.

Tukumbuke pia kwamba chini ya sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo, mnunuzi wa fleti anashirikiana na wenzake katika sehemu za pamoja. Msingi ni wa wote. Ukiharibika, haitakusaidia kusema wewe unakaa ghorofa ya sita.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Kabla ya kutoa awamu ya kwanza, dai karatasi tatu. Kwanza, ripoti ya udongo inayoonyesha mashimo mangapi ya uchunguzi yalichimbwa, kina chake na maji yalikutwa wapi. Pili, kumbukumbu ya kila nguzo: urefu wake na zege iliyotumika ikilinganishwa na ile ya hesabu. Tatu, matokeo ya kupima nguzo kwa mzigo, yaliyosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Usipozielewa, mlipe mhandisi wako azisome. Wanunuzi kumi wakichangiana, ada yake haifiki hata bei ya mlango mmoja wa fremu.

Nazo benki zinazokopesha wajenzi na wanunuzi zingefanya karatasi hizo kuwa sharti la mkopo. Benki inayokagua hati ya kiwanja kwa wiki kadhaa haina sababu ya kuliacha lililo chini ya kiwanja hicho.

Muuzaji mwenye kazi safi atazitoa siku hiyo hiyo. Anayekuzungusha, mwachie fleti yake.