Kona ya Mama Mfugaji: Joto la vifaranga, tusiachie kifaa peke yake



Mwaka jana kikundi chetu hapa Bukavu kilinunua vifaranga 50. Tukaweka ampuli na kidhibiti joto, kile kifaa kidogo kinachowasha na kuzima chenyewe. Usiku wa tatu kikakwama, ampuli ikawaka bila kuzima. Asubuhi tukakuta vifaranga 31 wamekufa kwa joto. Feza ya kikundi ikaenda hivyo. Tulichojifunza ni hiki.

Juma la kwanza kifaranga anahitaji joto la digri 32 hadi 35. Kila juma punguzeni digri 3 hivi, mpaka aote manyoya. Termometa iwekwe chini, usawa wa mgongo wa kifaranga, si juu ukutani.

Mkinunua ampuli, chagueni ile ya zamani yenye waya ndani, au ile nyekundu ya kufugia. Ampuli za LED zinaangaza tu, hazipashi joto la kutosha. Ining'inizwe kwa mnyororo, isishikwe na waya wa umeme peke yake. Ikianguka kwenye maranda, nyumba inaungua.

Kidhibiti joto kijaribiwe siku nzima kabla vifaranga hawajafika. Angalieni termometa: kinazima kwa wakati? Kinawasha tena? Kama hapana, kirudisheni dukani. Tena, upande mmoja wa boma ubaki na ubaridi kidogo, anayezidiwa na joto akimbilie huko. Sisi hatukuacha nafasi hiyo.

Vifaranga nao wanasema. Wakirundikana chini ya ampuli na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema mdomo wazi, joto limezidi. Wakitawanyika na kula vizuri, mama, nenda kalale.

Umeme ukikatika, zungusha kitambaa kwenye chupa za maji ya moto, uziweke katikati yao, kisha funika boma ukiacha nafasi ya hewa. Lakini mbabula ya makala isiingie kamwe katika chumba kilichofungwa ambamo watu wanalala. Hewa yake ya sumu haionekani wala hainuki, na inaua watoto usingizini. Kifaranga tutanunua mwingine.

Kikundi chenye njia nyingine nzuri kituletee siku ya mkutano. Kazi njema, wamama.