Ordinatere ndogo ndani ya roketi

Mwaka 2009, kule Menkao karibu na Kinshasa, injenyere wetu Jean-Patrice Keka alirusha roketi Troposphère 5, panya akiwa ndani. Ilipanda, halafu ikageuka upande na kuanguka. Kurusha ni kazi moja. Kuongoza na kurudisha chini ni kazi ingine.

Hata roketi ndogo za wanafunzi ziko na shida ile. Ndiyo sababu wengine wanaweka ndani ordinatere ndogo, yenye kuenea katika kiganja. Inatumika namna gani?

Kwanza, ingali chini, inapima nguvu ya hewa ya pahali ilipo. Butembo iko mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Beni iko chini zaidi, na hewa yake inabana kupita ya Butembo. Kwa hiyo hesabu ya Butembo haifae Beni. Kila mara inaanza sifuri pale inaposimama.

Pili, inangojea. Ikisikia msukumo mkubwa wenye kudumu kidogo, si kugongwa tu na mkono, inajua safari imeanza. Roketi inapanda, nguvu ya hewa inapunguka, nayo inapima mara nyingi kila sekunde.

Tatu, kule juu kabisa, hewa inaacha kupunguka na kuanza kuongezeka. Lakini ordinatere haiamini kipimo kimoja, kwani upepo wa ghafula unaweza kuidanganya. Inangoja vipimo kadhaa vikubaliane, ndipo inatuma umeme wa kuwasha baruti kidogo, na parashuti inatoka. Ikitoka mapema, roketi ingali na mbio, inapasuka. Ikichelewa, roketi inashuka kama jiwe. Zingine ziko na parashuti mbili: ndogo kule juu, ili upepo usiibebe mbali, na kubwa karibu na udongo.

Vijana wa karière, munajua baruti inavyokata vidole. Musiitengeneze nyumbani hata kidogo! Jaribuni hivi: mtu mwenye kushuka Beni afunge vizuri chupa tupu ya plastiki akiwa Butembo. Atakapofika ataona imebonyea. Nguvu ile iliyobana chupa ndiyo ordinatere inaisoma.